Eluned wa Pili

Huko Vienna, mtu mmoja aliyejipaka manukato mengi alimwuliza Eluned kama ana damu ya kifalme. Alikuwa amemsikia mjomba wa Eluned akimwita nyuma ya jukwaa, "Eluned wa Pili!" Eluned alicheka, akameza mvinyo. Angeelezaje? Jina lile alilipata akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, katika eisteddfod ya Cwmhelyg, shindano la kuimba ambalo kanisa la bondeni kwao huliandaa kila mwaka. Alikuwa wa pili, nyuma ya Mair Probert. Basi.

Bondeni jina la cheti cha kuzaliwa halimsaidii mtu. Akina Eluned Jones wamejaa tele, maana wazazi wao si wabunifu wa majina. Ndiyo maana yule wa tanuri huitwa Eluned Mkate, na yule wa stempu Eluned Posta. Jina likishakuganda, hata maji ya moto hayalibandui.

Eluned akasomea uimbaji wa opera, akajipachika jina la jukwaani, Eluned Cerdin, akaenda kufa. Alikufa kwa kifua kikuu Milan, akachomwa kisu Paris, akajirusha ngomeni Roma, na kila alipokufa watu walisimama kumpigia makofi. Kwao walisoma habari hizo gazetini, wakatikisa vichwa kwa fahari. "Na huyu," walisema, "Mair wetu alimshinda!"

Hapo ndipo palipomchoma. Kila alipopanda yeye, Mair alipanda naye, bila hata kuondoka kwenye karai lake la mafuta katika duka la samaki na chipsi. Nabii hana heshima kwao, wanasema. Uongo. Cwmhelyg walimheshimu sana nabii. Walimkosea tu mtu.

Alipostaafu akarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake, na siku ya tatu akaingia dukani kwa Mair.

"Ahaa, Wa Pili!" Mair akapaza sauti. "Siki na chumvi?"

"Chumvi tu. Mair, mwaka huu kuna shindano la wazee, waliopita sitini. Utaimba?"

"Niimbe nini tena, mwenzangu? Mimi nilishamaliza."

"Unaogopa."

Foleni nzima ikageuka kutazama. Mair akaweka chini kijiko cha kukaangia.

"Wee! Nimuogope nani? Andika jina langu, bibi. Tena liandike juu ya lako."

Eluned akajiandikisha kwa jina la nyumbani, Eluned Jones, maana alitaka ashinde yeye, si Cerdin. Kwa wiki kadhaa alifanya mazoezi kuliko alivyofanya kwa ajili ya Milan. Aliona aibu, na bado hakuacha. Alitaka jambo moja tu: afe siku moja, kufa kwa kweli, bila kuzikwa kama Wa Pili.

Siku ilipofika kanisa lilifurika. Eluned Mkate aliimba, akasahau ubeti. Eluned Posta aliimba vizuri ajabu. Mair aliimba kwa sauti iliyokaushwa na mafuta ya miaka arobaini, lakini kila neno lilifika hadi mlangoni, na Eluned, akisikiliza, alijiona tena yule msichana wa miaka kumi na mmoja. Kisha akaimba yeye, polepole, bila madoido. Aliporudi kwenye benchi, Mair alimsogezea nafasi.

Mwamuzi alikuwa mgeni kutoka kaskazini, hakumjua mtu. Akavaa miwani.

"Wa pili, Mair Probert." Watu wakaguna. "Na wa kwanza... Eluned Jones!"

Shingo zikageuka huku na huku. Eluned Mkate akainuka nusu, akaketi. Eluned Posta akashika kifua, akasema, "Mimi?" Mwamuzi alibaki ameinua kifuko cha hariri chenye utepe, kile cha kuvishwa mshindi shingoni, hajui ampe nani. Eluned mwenyewe alikuwa amekaa palepale, akingoja watu wamtambue. Hakuna aliyemtambua.

Mair akamtia kiwiko ubavuni.

"Simama basi, unawachelewesha watu!" Kisha akageukia kanisa zima, akapaza ile sauti ya dukani: "Ni huyu! Wa Pili! Eluned wa Pili ndiye wa kwanza!"

"Aaah! Wa Pili!" kanisa likaitikia, na makofi yakalipuka, makubwa kuliko ya Milan.

Naye akasimama.