Pini Iliyodondoka Bustanini

Dorcas Pelling alifua mashuka ya jumba la Hambrook kwa miaka ishirini na miwili, mpaka kitambaa cha meza kilipopotea, akaitwa mwizi mbele ya watumishi wote. Baada ya wiki kitambaa kilionekana nyuma ya kabati, panya wamekitafuna. Hakuna aliyemwomba radhi. Bwana wa jumba alifunga lango la bustani tu, na Dorcas, ambaye tangu utotoni alikatiza humo kwenda kanisani, akawa kila Jumapili anazunguka bondeni, matope magotini.

Kisha mavyaa wake, mama wa marehemu mumewe, akafa. Kwa miaka thelathini alimwita Dorcas "yule", na kufa kwake kukawa fadhila yake ya kwanza. Maana kijiji kizima kiliamini, na bwana mwenyewe aliamini kuliko wote, kwamba jeneza likipita mahali, hapo ni njia ya watu daima.

"Mama Pelling, tunazunguka?" akauliza Amos seremala. Alikuwa mmoja wa wabebaji wanne, na wote walikwishalainisha koo kwa pombe ya matofaa.

"Mavyaa hapendi matope. Nyooka."

Wakaling'oa lango, wakakata katikati ya maua. Bwana na wageni wake walikuwa wakinywa chai. Ikawabidi wasimame na kuvua kofia. Msimamizi wa jumba, Crouch, akaja mbio, makombo ya keki kidevuni. Dawa aliijua: wafiwa wakilipa hata pini, basi wamepita kwa ruhusa, na njia inabaki ya bwana.

"Pini moja tu, mama. Si kitu."

"Sina."

"Hiyo shali yako ina pini tisa."

"Zitakuwa za wenyewe hizo. Mimi si mwizi, bwana Crouch? Umesahau mara hii?"

Wabebaji wakaangua kicheko, jeneza likayumba kama mtumbwi. Suruali ya Amos ilikuwa imeshikwa na pini tangu kifungo kilipokatika Krismasi. Pini ikafyatuka, suruali ikateremka.

"Jamani, msinichekeshe, nitamwangusha bibi," akasema Amos, mikono yote miwili iko kwenye jeneza.

Pini ikalala nyasini, inang'aa. Crouch akaiona, akaipigia mbizi. Dorcas akawahi kuikanyaga kwa kiatu chake cha mbao.

"Inua mguu, mwanamke."

"Mguu umechoka. Miaka miwili unazunguka bondeni."

Akasimama papo hapo hadi jeneza lilipotokea upande wa pili, Amos nyuma akichechemea kama bata bukini, suruali vifundoni. Kwa hiyo hakumwona mavyaa akishuka kaburini. Alisikia kengele tu, akiwa katikati ya maua yaliyopondwa, mbavu zinamuuma kwa kucheka, machozi ya msiba hatimaye yakimtoka.

Jumatatu akapita humo na kapu la nguo za kasisi, polepole. Amos alimdai pini yake. Hakumpa.