Mwaka Tuliokula Peke Yetu

Utoto wangu kule Daa, miaka ya sabini, ulikuwa na mwaka mmoja ambao hakuna jirani aliyekula kwetu. Mdogo wangu mchanga alikuwa amefariki, na sisi Wairaqw tuliamini msiba wa namna ile unaambukiza. Boma letu likawekwa metimani: hatuchoti maji kwenye kisima cha wote, mbuzi wetu hawachanganyiki na wa watu, hatuli na mtu mpaka mavuno yapite. Bibi, mama yake baba, aliyekaa boma la jirani, alishika mwiko kuliko wote. Alitusalimia akiwa ng'ambo ya ua, na mama akimsogelea, anarudi nyuma. Jamani, iliniuma!

Mwaka huohuo nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista wetu, Mnyaturu mcheshi, alitueleza kuwa neno hilo limetoka Kilatini, maana yake kuwa na kitu kwa pamoja. "Anayepokea komunyo hali peke yake," alisema.

Nikauliza, "Na mtu wa metimani, mwalimu?"

Akakuna kichwa. "Hilo kaulize kwenu."

Jumapili yenyewe nikapanga mstari na gauni langu jeupe. Wenzangu wa mbele wakasogea mbele zaidi, wa nyuma wakasita, nikabaki katikati peke yangu. Machozi yakanilengalenga. Mara nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa Bibi na shuka lake begani, amesimama karibu mpaka pumzi yake naisikia shingoni.

"Bibi, na metimani je?" nikanong'ona.

"Hapa mwenye nyumba ni Mungu, amekaribisha wote. Kwenu bado. Hebu tazama mbele!"

Na kweli, tulipofika nyumbani akarudi zake ng'ambo ya ua. Nilishindwa kujua nicheke au ninune.

Mahindi yalipovunwa, mwiko ukafunguliwa. Bibi alifika kabla hajaitwa, akanawa, akamega ugali sinia moja na mama, akamega tena. Mama akaanza kulia. Bibi akamsogezea kipande cha nyama.

"Kula, mwanangu. Mwaka mzima nina njaa ya chakula chako."

Kumbe! Siku zote nilidhani mwiko ule umetufunga sisi tu. Leo wajukuu wakiniuliza maana ya komunyo, naanza na Kilatini cha katekista, halafu nawaambia wanawe mikono, waje tule.