Ugonjwa ya Bazee

Nilipokuwa mtoto kule Baraka, kando ya ziwa, miaka ile ambayo kila mwanaume aliitwa citoyen, yaani mwananchi, na baba yangu alishonea watu abakosi, suti zisizo na tai, kwa cherehani yake ya miguu, ilifika siku neno "mama" likakatazwa nyumbani kwetu. Halikuwa tusi wala jina la shetani. Lilikuwa "mama" tu.

Mama yangu alikuwa akiuza ndagala, yaani dagaa, sokoni. Alikuwa mnene, na akicheka walimsikia mpaka kwa jirani. Kisha akaanza kukonda, ingawa alikula bugali kutushinda sisi sote. Mikono ikatetemeka hata akashindwa kumtilia baba uzi kwenye sindano. Alitoka jasho wakati sisi tunajifunika. Aliuweka mkono wangu kifuani pake, nikasikia moyo unakimbia kama mtu anayefukuzwa. Shingo ikavimba kwa mbele. Mwishowe macho yakatoka nje, yakabaki wazi, kama ya mtu aliyeshtuka na hajatulia bado. Sokoni wakaanza kuipita meza yake.

Ndipo Tate, mama mzaa baba, akashuka kutoka Fizi kwa kamyo, lori la mihogo. Alimtazama mkwewe mara moja tu.

"Baba Sifa," akamwambia baba (Sifa ni mimi, na bibi kwetu ni mke), "muzee, baba yako, amemushika bibi yako shingo. Alikufa, huyu hakuya kumulilia. Ile kilio yote ilibakia mule ndani, sasa iko navimba."

Kweli mama hakufika matangani kwa babu, kwa sababu wiki ile ndiyo alimzaa mdogo wangu. Na wazee wetu walisema hivyo: mke asiyemlilia baba mkwe, kilio humkwama kooni.

"Mama, sisi ni batu ba kanisa," baba akajibu. Alikuwa shemasi.

"Kanisa iliingia juzi. Muzee alikuwa hapa zamani."

Mama akasema kutoka jikoni, "Mama mukwe, kama ni kulia tu, munipatie kitunguu nilie leo leo, tumalize."

Tulicheka sote, isipokuwa Tate. "Munasikia?" akasema. "Hata kicheko yake inatetemeka."

Baba hakukubali. Alimpeleka mama hospitali, nami nikafuata na mtoto mgongoni. Daktari alikuwa kijana mgeni, aliyezoea Kifaransa na Kilingala, Kiswahili chake kidogo sana. Alimpapasa mama shingo, akamwambia anyooshe vidole, akayatazama macho yake kwa muda mrefu. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa chumba kingine. Daktari akajaribu mwenyewe: alikuwa anafikiria ni maladi, yaani ugonjwa fulani, lakini damu aliyomtoa ingepelekwa Bukavu kwanza.

"Maladi ya Basedow," akasema.

Alilitamka kwa Kifaransa, "bazedo", na ile "do" ya mwisho ikamezwa.

"Ya bazee, docteur?" baba akauliza.

Daktari akafurahi kuona ameeleweka. "Voilà! Basedow, Basedow."

Hata mimi nilisikia bazee, wazee wetu waliokufa. Namwomba Mungu anisamehe, nilitembea njia nzima nikijivuna kwamba nimemwelewa docteur. Baba alikwenda moja kwa moja kwa Tate. Kama hospitali yenyewe inasema ni wazee, shemasi atabisha nini tena?

Siku ile ile mama akapandishwa Fizi pamoja na Tate. Tate aliweka masharti: alale katika nyumba ya marehemu, amlilie kila asubuhi, na sisi huku chini tusimtaje kabisa. Tusiseme "mama," tusimtumie salamu. Wazee wakisikia bado anatafutwa, watakaza mkono.

Nimezaa, nimezika, lakini sijaonja tena njaa kama ile. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema, na neno lenyewe alilolijua ni lile moja. Nilikuwa namziba mdomo. Sisi wakubwa tulimwita "ule", yaani yule. Ule angetia chumvi kidogo. Ule angesuka nywele vizuri. Nilijifunika kikwembe chake mpaka harufu ya ndagala ikaisha. Baba naye alishona libaya, blauzi ya kike, kwa kipimo cha mama cha zamani, cha unene wake, bila kupima mtu. Akaitundika ukutani, na wateja wakiuliza bei alisema ina mwenyewe.

Siku moja yule muuguzi wa hospitali akaja kuchukua abakosi yake.

"Citoyen fundi, bibi yako iko wapi? Docteur alimungoja mpaka akachoka. Jibu ya damu ilitoka Bukavu, na vidonge yake iko kwangu."

"Vidonge ya nini?" baba akasema. "Si docteur mwenyewe alisema ni ugonjwa ya bazee?"

"Bazee gani?"

"Alirudilia hata mara mbili. Uliza Sifa."

Muuguzi akanitazama, akamtazama baba, kisha akajishika kichwa. "Yesu wangu! Basedow! Ile ni jina ya muzungu, munganga wa zamani kule Bulaya, ule aliandika juu ya ile ugonjwa. Bazee benu banaingia mule wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliacha nguo ya mtu chini ya sindano, akafuata vile vidonge, tukapanda kamyo mimi na yeye.

Tulimkuta mama mlangoni kwa marehemu, mifupa mitupu, macho yamejaa uso. Hakuinuka.

"Kumbe mungali bazima," akasema. "Kamyo zinapanda, zinashuka, hakuna hata mutu wa kuniambia 'banakusalimia.' Nikasema basi, bamekwisha kunizika."

Tate hakuwa amemwambia lile katazo. Alihofia kulisema kungeharibu dawa.

Baba alikwenda kwenye kaburi nyuma ya nyumba, akavua kofia. "Baba, nilikusingizia. Haukumushika bibi yangu. Ilikuwa jina ya muzungu."

"Muzungu gani tena iko mule?" Tate akauliza kwa hofu, na mama akacheka. Tulimbeba mpaka kwenye gari.

Vidonge vilimtuliza moyo na mikono, na nyama ikarudi. Macho hayakurudi yote. Sikusoma sana, sijui kama mtu wa Mungu anaruhusiwa kuomba msamaha kaburini. Mchungaji angejua, angemtenga. Mimi nilimpenda baba zaidi tangu siku ile.

Nilipoolewa Kazimia, kando ya ziwa lile lile, mama alimpa salamu kila mtu aliyepanda mtumbwi kutoka Baraka, hata asiyemjua. Wachuuzi wa samaki walinichoka: "Sifa, mama yako anakusalimia." Abiria wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Niliona haya, nikamtumia neno apunguze. Hakupunguza.

Sasa amelala, Bwana amempumzisha. Mitumbwi ya Baraka bado inafika, nami bado nateremka ufukweni. Watu wanashuka na mizigo yao, wananipita wakinisalimia kwa salamu zao wenyewe. Nangoja mpaka wa mwisho ashuke, halafu narudi nyumbani.