Mistari Iliyopinda

Siku ile sikukaa. Nakaa, nainuka, naenda mlangoni kutazama mawingu ya upande wa juu wa mto, kule Bangale, narudi. Binti yangu anafanya kazi ya kompyuta hapa nyumbani Garsen, na jioni ile dirisha la kupokea kazi, la wasimamizi wa programu walio mbali, lilikuwa linafungwa. Alikuwa ameandika draiva, yaani programu ya kuifanya kompyuta ikielewe kifaa cha kupima kina cha mto. Programu haikuwa na neno. Maelezo yake ya kuandamana nayo ndiyo waliyorudisha: mpangilio mbaya. Yasipopita leo, draiva ingengoja toleo lijalo, nasi tungengoja na mto wetu usiobisha hodi. Mwaka ule wa mafuriko ulipoingia kijijini Golbanti ulinikuta nanywa chai. Kikombe sikukiona tena, kilikuwa kizuri, cha maua. Tuyaache hayo.

Nikasimama nyuma yake. Anafuta, anafuta.

"Unafuta nini na hapo hamna kitu?"

"Nafuta nafasi, baba."

"Watu wazima wamekurudishia kazi kwa sababu ya nafasi?"

"Baba, kaa."

Nikakaa. Nikainuka.

Akanionyesha jedwali: waya huu unaingia hapa, ule pale. Kwake limenyooka kama uzi. Kwao, akasema, limevurugika, waya wa umeme umesimama penye waya wa ardhi. Mtu akifuata vile anaunguza kifaa.

"Ulipanga kwa kutumia nini?"

"Kwa macho. Mahali nimebonyeza kitufe kirefu cha nafasi moja moja, mahali kile cha kurukia nafasi nyingi. Kila kompyuta inaruka kivyake."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Mimi nimepanda mahindi kwa macho maisha yangu yote. Ukisimama upande wangu mistari imenyooka; jirani akisimama upande wake anauliza kama nilikuwa nimelewa.

"Kumbe nimerithi," akasema, wala hakucheka. Akaanza upya, mstari kwa mstari, kwa kitufe kirefu peke yake. Umeme ukayumba mara moja, nikaukemea kama mbwa. Akatuma. Tukangoja, nikafagia ua uliokwisha fagiwa.

"Baba! Wamepokea!"

Akalala palepale kwenye mkeka, mikono usoni.

"Sasa mto ukija utatuambia?"

"Bado, baba. Kifaa chenyewe kiko kwenye boksi. Hakijafungwa mtoni."

Nikamfunika leso, nikavaa malapa, nikashuka darajani kuyatazama maji mwenyewe.