Mwanamke wa Dirisha la Juu

Mtaani walimwita Bi Sindano kwa sababu mbili: alikuwa mshonaji wa vitambaa vya makochi, na ulimi wake haukuwa butu. Mumewe walimwita Gitaa, ingawa gitaa lenyewe alikuwa ameliuza kabla hata hawajaoana. Walifanya kazi pamoja katika chumba kimoja kirefu, mume mbele akigongelea mbao na kukata sponji, mke nyuma na cherehani yake. Mchana jua lilipoingia kwa mlango wa uani, chembe za sponji zilielea hewani bila haraka ya kufika chini. Redio ikiimba, Bi Sindano alijiona kama mtu anayeshona ndani ya maji.

Ujanani Gitaa alikuwa na bendi ya roki. Bendi haikudumu, lakini iliacha wimbo mmoja ambao redio hazikuchoka kuupiga. Yeye ndiye aliyeutunga na kuuimba, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini:

*Dirisha la juu, kitambaa cha manjano,*
*nipungie, mimi niko chini.*
*Mlango una mlinzi, ngazi zina meno,*
*nipungie, giza lisiniingie machoni.*

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Mhubiri wa jirani alisema dirisha la juu ni mbinguni, na mlinzi ni malaika. Mwalimu mmoja, alipoleta kiti chake kishonwe upya, alieleza kuwa hiyo ni siasa tupu: mlinzi ni wakubwa, aliye chini ni mwananchi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliwacheka wote.

"Siasa gani? Huyo wa dirishani ni mke wa mtu. Mlinzi ndiye mume."

Gitaa, misumari ikiwa imebanwa midomoni, aliitikia kwa kichwa kila tafsiri, kana kwamba wote wamepatia.

Bi Sindano aliishika ya kinyozi. Mwanzoni hakuuliza kwa kuwa bibi harusi hatafuti ugomvi. Baadaye aliona amechelewa mno kuuliza. Mwishowe yule mwanamke wa dirishani akawa kama mke mwenza, mtu aliyemzoea. Alimjua. Alikuwa mrefu, shingo laini, na hajawahi kusugua sufuria maishani mwake. Wimbo ukianza, chumba kizima kiligeuka manjano, naye akaegemea dirisha lake, hazeeki, anampungia mume wa mwenzake. Mteja akileta kitambaa cha rangi ile, Bi Sindano alisema uzi wake umeisha.

Alasiri moja Gitaa alikwenda kununua sponji. Redioni kulikuwa na kipindi cha kufumbua mafumbo ya nyimbo, na mtangazaji akaupiga ule ule wimbo. Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Mmoja alisema dirisha ni kifo. Binti mmoja akasema ni ndoto zetu tusizozifikia. Bi Sindano alishtukia simu iko sikioni mwake, na sauti ya mtangazaji inamwambia, "Karibu mama, tupe tafsiri yako."

"Mimi sina tafsiri, nina habari," akasema. "Huyo wa dirishani alikuwa mpenzi wake. Walimnyima. Akaenda akaoa mwingine, wa huku chini, asiye na dirisha. Na huyo wa chini kila siku anausikia wimbo wa mwenzake, na anapika, na anafua."

Mtangazaji akauliza, "Umejuaje, mama?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu." Akakata simu.

Alikaa pale viganja vikiwa vya moto. Maneno yalikuwa yametoka vizuri mno, kama yaliyokuwa yakisubiri foleni.

Gitaa alirudi mikono mitupu.

"Sponji iko wapi?"

"Nimeisahau." Akavuta kiti kisichotiwa mto, akakaa. "Dukani walikuwa wamefungua redio."

Bi Sindano aliendelea kukanyaga cherehani, ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

"Yule ni mama," Gitaa akasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Mkweo ambaye hukumkuta." Alisema taratibu, kama anayetoa mwiba. "Nilikuwa mdogo. Alilazwa hospitali, ghorofa ya juu, na watoto tulikuwa haturuhusiwi wodini. Baba akipanda kumwona, mimi naachwa uani. Mlango una mlinzi. Ngazi zilikuwa za chuma, zenye makali yanayochuna magoti. Basi mama anakuja dirishani, anavua kitambaa chake cha kichwani, ananipungia. Mimi nilidhani ni mchezo. Halafu siku moja tukafika, dirisha limefungwa."

Cherehani ikanyamaza.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemwonea wivu marehemu," Bi Sindano akasema.

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Gitaa alifikiri. "Kila mtu alikuwa ananieleza maana yake. Nikaona haya kuwakatiza."

Bi Sindano alicheka huku machozi yakimtoka. "Na kinyozi alivyokuwa na uhakika."

"Kinyozi ananyoa vizuri," Gitaa akajibu.

Kisha Bi Sindano akataka kumjua mama mkwe wake. Alikuwa mrefu?

"Hapana. Mfupi kama wewe. Nadhani alikuwa anapanda juu ya kitu ili afike dirishani."

Jumapili wakaenda kwenye lile jengo lililokuwa hospitali. Siku hizi ni ofisi, na siku hiyo palikuwa kimya, mfagiaji tu akikusanya majani. Gitaa aliangalia juu kwa muda mrefu. Madirisha yalikuwa yamewekwa vioo vipya, yote yakifanana kama mapacha, kila moja na kipande chake cha wingu.

"Silijui tena ni lipi," akasema.

"Kisia."

Akaonyesha moja, kisha akabadili, akaonyesha jingine. Bi Sindano hakubishana. Alimwuliza alikuwa akisimama wapi, Gitaa akampeleka karibu na bomba la maji, wakaketi hapo juu ya ukuta mfupi. Wakakaa mpaka kivuli cha jengo kikawafunika miguu, Gitaa akisimulia tena tangu mwanzo, na mkewe akimsahihisha kila alipojichanganya, kana kwamba naye siku zile alikuwepo.