Maganda ya Mayai ya Mama Kisimani

Enzi zetu, na nyie tuliokua pamoja mtanisaidia kukumbuka, Pasaka ilianzia jikoni, kwa yai. Si haya ya chokoleti yaliyofungwa karatasi za kung'aa, ambayo binti yangu hujaza kikapu kila mwaka hapa Tottenham, halafu jioni analalamika kwa Kiingereza kuwa tumbo linamuuma. Nasema yai la kuku wa kienyeji. Unalitoboa kwa sindano juu na chini, unapuliza mpaka mashavu yanataka kupasuka, ute na kiini vinashuka kwenye bakuli, unabaki na ganda jepesi mkononi. Ukilivunja, kofi hilo. Wiki nzima tulikula mayai ya kukaanga, asubuhi na jioni, na hakuna aliyeulizwa kama anayapenda.

Kijiji chetu kiko Uchagani, upande wa juu kabisa, ambako masika ukungu unaingia mpaka chumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Wote tulichota maji kwenye kisima kimoja, chemchemi iliyojengewa ukuta wa mawe. Watu walisema wamisionari Wajerumani ndio walioleta desturi ya kupamba kisima wakati wa Pasaka. Bibi yangu alibisha. Alisema Wajerumani waliwakuta wazee wakishukuru maji, wao wakaongeza mayai tu. Sikuwahi kujua nani mkweli.

Nilichojua ni kwamba Jumamosi kabla ya Pasaka wanaume walisimamisha upinde wa mianzi juu ya kisima, wanawake wakaufunika kwa majani ya masale na maua ya porini, kisha kila nyumba ikaja kutundika ganda lake lililopakwa rangi. Anayetundika anapanda jiwe la kisima, anataja nyumba kwa sauti: "Nyumba ya Elia!" Na watu wote wanaitikia: "Maji yawafikie!" Sisi watoto ndio tuliokuwa tukipiga kelele kuliko wote, maana baada ya nyumba ya mwisho mtori wa ndizi ulikuwa unapakuliwa.

Rangi tulitengeneza wenyewe. Maganda ya vitunguu yakichemshwa yalitoa rangi ya kutu, manjano ilikuwa ya dukani kwa Mhindi, bluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, na nyeusi ni masizi ya chungu. Hodari wa kupaka alikuwa mama yangu, Manka. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Alichovya unyoya wa kuku, akachora jani la mgomba kwenye ganda, ukaona mpaka lilipochanwa na upepo. Tangu Jumapili ya Matawi wanawake walimletea maganda kwenye vikapu, akawapakia, wakaenda kuyatundika kila mmoja kwa jina la nyumba yake.

Lake yeye halikutundikwa. Mama alinizaa bila ndoa, na kanisa lilikuwa limemtenga. Alikuwa hapokei chakula cha Bwana, alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na kisimani hakuwa na nyumba ya kutaja. Tuliishi kwa Babu, tukahesabiwa kimya kimya ndani ya ganda la Babu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, tena kwaya ya usharika huo huo. Yeye hakutengwa. Kila Jumapili alisimama mbele akipunga mikono, na kusema haki, waliimba vizuri.

Wazee wa kanisa walikuja mara kadhaa kumwambia Mama asimame mbele ya usharika atubu, apokelewe. Jibu lake halikubadilika. "Nitasimama. Ila tutasimama wawili. Lile jambo sikulifanya peke yangu." Wazee wakanywa chai, wakaondoka. Mama hakuwa na hamu ya kugombana na mtu. Alitaka kitu kimoja tu: ganda lake liwe pale juu, ataje nyumba yake, na watu waitikie.

Nilipokuwa darasa la pili, Mama aligoma. Wanawake walikuja na vikapu vyao kama kawaida, akawaambia kwa upole, "Mwaka huu kila mtu apake la kwake, jamani. Mikono imechoka."

Ee Ruwa, Mungu wangu! Yaliyotokea acheni tu. Mama Elia, jirani yetu, alichemsha lake mpaka likafanana na nyanya iliyooza. Mwingine alipaka yai akasahau kulipuliza, likampasukia mkononi, na lilikuwa limekaa siku nyingi. Bibi alipoonyeshwa maganda hayo alicheka akashika ukuta. Wazee hawakucheka, kwa sababu mwaka huo mkuu wa jimbo mwenyewe alikuwa anakuja kubariki kisima.

Ijumaa Kuu, tulipotoka ibadani, mzee wa kanisa akaja nyumbani. Alikuwa mzee Kalebu, mtu wa koti jeusi, ambaye kila mara alituhubiria kuwa mila za kale ni giza. Akaingia jikoni, akafungua koti, akatoa jani la isale lililopigwa fundo. Msiotoka kwetu niwaambie: ukimpelekea mtu isale, umekiri kuwa umemkosea, naye hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Bibi alimtazama kama aliyemkuta mchungaji kilabuni.

"Shikamoo mzee," Mama akasema.

"Marahaba, Manka. Nimekuja, unaona."

Mama akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mzee. Kabisa."

Mzee Kalebu akashusha pumzi. "Asante, binti yangu. Sasa yale mayai..."

"Mayai ni jambo jingine."

Bibi akajifanya anakohoa.

"Nitayapaka yote leo hii," Mama akaendelea. "Ila na langu nitalipaka. Nitalitundika mwenyewe, na nitataja nyumba yangu."

"Mimi sina mamlaka ya kukuruhusu, Manka."

"Sijaomba ruhusa. Naomba tu usinishushe."

Mzee akafunga koti lake. "Sitakushusha. Lakini siwezi kuwaamuru watu waitikie."

"Hilo nalijua, mzee."

Kesho yake mvua ilikuwa ya rasharasha, mkuu wa jimbo amefunikwa mwavuli. Upinde ulipendeza mno. Nyumba zikatajwa, tukaitikia mpaka sauti zikakauka. Mwishoni Mama akapanda jiwe, akalitundika lake, akasema, "Nyumba ya Manka na mwanawe!"

Wanawake aliowapakia mayai waliangalia miguu yao badala ya kuitikia. Baba alikuwa na kwaya yake, anapanga karatasi za nyimbo. Mama hakushuka. Mkono wake ulibaki kwenye lile ganda. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Kwa desturi mtu haitikii nyumba yake mwenyewe, lakini nilipaza sauti: "Maji yawafikie!" Mtu mmoja akacheka. Kisha mzee Kalebu akaitikia, sauti ikikwaruza, na Mama Elia akafuata, na wengine wachache nyuma yao. Wengi hawakuitikia. Mama akashuka, akafuta miguu kwenye majani, tukaenda kula mtori.

Hakupokelewa tena kanisani, na Baba hakusimama hata siku moja kutubu naye. Siku hizi kisima kimefunikwa zege, maji yanafika majumbani kwa bomba, na vijana wa kwetu Pasaka hutumiana picha za mayai kwenye simu, yamepakwa rangi na watu wasiowajua.

Mwezi uliopita, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Tottenham, tulimfanyia sherehe binti mmoja wa Kitanzania mwenye mimba kubwa. Pete hana. Kulikuwa na maputo na pilau, na mvulana mwenyewe alisimama kando yake akijipiga picha. Binti akashika kipaza sauti, akatangaza jina atakalompa mtoto, ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele, mchungaji akiwa wa kwanza. Wazee wenzangu wawili waliguna pembeni. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Na nilimwonea wivu yule mtoto, ambaye hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa.