Mafuta ya Chini ya Pipa

Nilinunua pikapu ya dizeli nikiwa na miaka hamsini na moja, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kumiliki injini ya dizeli hata ya kusagia unga. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa petroli: kigari cheupe cha kunitoa nyumbani mtaa wa Elgon View hadi ofisini mjini na kunirudisha. Lakini shamba alilotuachia baba, ukishapita Burnt Forest, lilikuwa limeanza kudai gari la kazi. Viazi haviingii kwenye buti kwa magunia, na mke wangu alikuwa amekataa katakata mbolea ikae tena pale watoto wanapokaa.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya milango minne, imetumika ng'ambo miaka kadhaa, na ilikuwa na kompyuta kila mahali. Nilisoma kitabu chake mwanzo hadi mwisho. Nilijifunza kungoja kitaa cha njano kizime kabla ya kuwasha injini asubuhi ya baridi, kuiacha injini ipumue kidogo kabla ya kuizima, na kuikimbiza barabara ndefu mara kwa mara ili kichujio cha moshi kichome masizi yake. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimegeuka mhubiri. Shemeji yangu alikuja kutusalimia siku moja, nikamweleza habari za masizi mpaka akasinzia kwenye kiti na kikombe cha chai mkononi.

Shambani palikuwa na mzee aliyeendesha trekta la baba tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Aliishi na mkewe kwenye nyumba ya mabati kando ya stoo, ndani ya shamba letu, na hawakuwa na kwingine pa kukaa. Yeye ni mwenyeji wa huku, sisi ni watu tuliohamia kutoka Mkoa wa Kati. Mwaka ule wa uchaguzi watu walipochomeana nyumba, sisi tukiwa tumekimbilia mjini, alilipeleka trekta kwa wakwe zake akalifunika mabua ya mahindi mpaka mambo yakatulia. Baba alimpenda kwa hilo hadi kufa kwake. Mimi nilimrithi pamoja na trekta, na sidhani kama niliona tofauti kubwa kati yao.

Alipoiona pikapu mara ya kwanza aliizunguka, akafungua boneti, akaniuliza maji yake yanatolewa wapi. Nikamwambia maji yako kwenye rejeta. Akasema hapana, maji ya dizeli, yale yanayokaa chini ya filta. Kwenye trekta yeye hufungua skrubu kila Jumamosi akayamwaga. Alitaka kufanya vivyo hivyo kwa pikapu. Nilimkatalia mbele ya mkewe. Nilimwambia gari la kompyuta haliguswi na spana ya trekta, na akafunga boneti taratibu, kwa mikono miwili.

Sasa, kama wenye trekta wote wa Uasin Gishu, sisi hununua dizeli kwa pipa msimu wa kulima ukikaribia, na pipa hukaa stoo. Mzee alikuwa na mpira wake wa kunyonyea mafuta, ameufunga kwenye fimbo, na fimbo ameikata fupi ili mdomo wa mpira usiguse chini. Mpira ukianza kuvuta hewa, anasema pipa limeisha. Nilikuwa nimeiona fimbo hiyo miaka na miaka bila kuuliza kwa nini ni fupi.

Kilichonifumbua macho, au ndivyo nilivyodhani, ni mazungumzo ya matangani. Jirani alikuwa amefiwa na mama yake, na sisi wanaume tulikuwa tumekaa chini ya turubai tukila wali na kulalamikia wafanyakazi, kama kawaida yetu wenye mashamba. Mmoja akasema dereva wa trekta hashibi mshahara, hushiba mafuta yanayobaki chini ya pipa. Tukacheka wote, nami nikacheka kwa sauti kuliko wengine. Lakini nilirudi nyumbani na neno hilo tumboni.

Jumamosi iliyofuata mzee aliniambia pipa limeisha, niagize lingine. Niliingia stoo peke yangu nikalitikisa. Mafuta yakachezacheza ndani. Hasira niliyoisikia ilikuwa na utamu fulani, na sitasema uongo kuhusu hilo: nilifurahi kumkamata.

Ilikuwa saa kumi jioni, wakati wa maziwa, na wanunuzi walikuwa wamepanga foleni getini na vibuyu vyao vya plastiki. Ningeweza kungoja waondoke. Badala yake nilivingirisha pipa hadi nje, nikalileta pale walipo, nikamwita mzee na mkewe waje waone. Nikaufungua ule mpira kutoka kwenye fimbo, nikalilaza pipa kwenye jiwe, nikanyonya mpaka tone la mwisho. Mitungi miwili ya plastiki ikajaa. Nikawauliza watu kama hilo ndilo pipa lililoisha, na hakuna aliyejibu, kwa sababu maziwa yao bado yalikuwa upande wangu wa geti.

Kisha nikaanza kumimina mitungi ile kwenye tangi la pikapu, ili kila mtu aone kwamba mali imerudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo mzee alipofungua mdomo.

"Hiyo usiweke kwa gari," alisema.

Nikamuuliza kwa nini, anataka nimwachie yeye? Watu wawili watatu wakacheka. Akarudia maneno yale yale, polepole, na nikayasikia kama maneno ya mwizi anayeona chake kikienda. Maisha yangu yote nilikuwa nikimwita Mzee. Siku hiyo nikamwambia, "Wewe, toka kwa shamba yangu." Nikampa mpaka Jumatatu kuhama. Mkewe alikaa chini pale pale kwenye nyasi, na mimi nikapanda gari.

Nilipofika Burnt Forest taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, picha ya kitu chenye tone chini yake. Mimi niliyekariri kitabu kizima sikuikumbuka taa hiyo, nikadhani gari linadai sevisi ya kawaida. Jumatatu, kwenye kilima cha kutoka nyumbani kwenda mjini, injini ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikafa. Ilivutwa kwa kamba hadi kwa fundi mmoja wa mjini, na madereva waliokuwa nyuma yangu walinipigia honi njia nzima.

Fundi alifungua filta akaimwaga kwenye chupa ya glasi, akaiweka juani tungoje. Dizeli ikapanda juu. Chini ikabaki maji, vidole vitatu, na unga mwekundu wa kutu. Akaniuliza kama naweka mafuta ya pipa. Akanieleza, kwa upole ambao ulinikera, kwamba pipa likikaa kwenye baridi yetu hii hutoa jasho ndani, maji yakashuka chini na kutu, na hayatoki huko mpaka uyafuate. Ndiyo sababu watu wa mashamba huacha mafuta kiasi chini bila kuyagusa. Trekta kuukuu hukohoa tu likiyanywa, lakini pampu na injekta za siku hizi huuawa nayo.

"Nani aliweka hii?" akauliza.

Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Nataka hilo liandikwe, maana baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba nilikuwa bado nimechanganyikiwa. Nilielewa fimbo fupi, nilielewa skrubu ya Jumamosi, nilielewa kwa nini aliniambia nisiweke.

"Ni mzee wangu wa trekta," nikasema. "Nimemfuta kazi."

Fundi akatikisa kichwa, akasema wazee wa trekta hawaelewi hizi gari. Nikasema ni kweli, hawaelewi.

Gari lilikaa gereji wiki tatu likingoja injekta. Nilipofika shambani tena nyumba ya mabati ilikuwa tupu, imefagiwa, ufunguo umening'inizwa kwenye msumari wa mlango. Nilitembea kando ya ua wa ng'ombe kutafuta kosa lolote la kunifariji, na nikakuta nguzo za ua, zile za zamani na zile mpya, zimepakwa kitu cheusi kutoka chini hadi usawa wa goti. Nikainama nikanusa. Ilikuwa dizeli chafu, ya kuzuia mchwa. Mafuta yote ya chini ya mapipa yote yalikuwa pale, kwenye ua wangu.

Ningeweza kumtafuta. Nilijua amehifadhiwa na shemeji yake, na kwamba yeye na mkewe wanalala jikoni kwa watu. Nilijua pia kwamba habari ya mitungi miwili ilikuwa imetembea na maziwa, na kwamba hakuna shamba la karibu lililotaka kumwandika. Kila wiki nilijiambia nitaenda Jumamosi. Jumamosi ikifika nilikuwa na kazi.

Kisha mkulima mmoja mkubwa wa upande wa Chepkoilel akanipigia simu. Tunajuana kwa kusalimiana tu. Alisema mzee amekuja kwake kuomba kazi, na yeye ana matrekta mawili na nyumba ya mfanyakazi iliyo wazi. Lakini amesikia maneno, na atakayeandikwa ndiye atakayeshika funguo za stoo ya mafuta. Alitaka kusikia kwangu, kwa mdomo wangu, kama mtu huyo anaaminika. Nikisema ndiyo, anaanza kesho.

Nilikuwa nimeegesha kando ya barabara, injini ikiwa inapumua kama kitabu kinavyosema. Ukweli ungekuwa maneno machache. Lakini akilini nilimwona mkulima yule akiyapeleka matangani, chini ya turubai, kwa wanaume wanaokula wali: yule wa Elgon View alijazia gari lake maji kwa mkono wake, akamfukuza aliyemwonya. Nikawasikia wakicheka.

"Mashine anajua sana," nikasema. "Lakini mafuta usimwachie."

Kisha akasema sawa, ameelewa, na kwamba alikuwa ameweka simu kwa spika kwa sababu mzee mwenyewe amekaa hapo naye, alitaka kila kitu kisemwe wazi.

Nikasikia mtu akisafisha koo.

"Gari ilipona?" mzee akaniuliza.

"Ilipona, Mzee," nikasema.

Nilimsikia akimshukuru mwenye nyumba kwa chai, kisha kiti kikasukumwa nyuma.